Kabla ya Kusalimiana: Hukumu za Majirani katika Mbulu na Hanang

Katika nchi iliyo kati ya Ziwa Eyasi na Mlima Hanang, mkoani Manyara, wanaishi majirani ambao lugha zao ni za jamii zisizo na udugu unaojulikana: Wairaqw, ambao wengi wamezoea kuwaita Wambulu, husema lugha ya Kikushi, Wadatoga, ambao Wabarabaig ndio kundi lao kubwa, husema lugha ya Kiniloti, Wanyisanzu na Wanyiramba wa upande wa Singida husema lugha za Kibantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda husema lugha yenye vidoko ambayo wanaisimu hawajafanikiwa kuiunganisha na lugha nyingine yoyote duniani. Wanaisimu wamelifuata eneo hili kwa miongo mingi kwa sababu ya wingi huo wa asili, lakini ipo taaluma nyingine ambayo ingeweza kuvuna hapa kama wao au kuwapita, nayo ni saikolojia jamii, yaani elimu inayochunguza jinsi fikra, hisia na matendo ya mtu yanavyoathiriwa na kuwapo kwa watu wengine. Mtu anayeshuka mnadani Katesh, Dongobesh au Haydom hulazimika, kabla hajasalimiana na yeyote, kuamua nani ni nani kwa kutazama vazi, fimbo, bangili za shaba, chale zinazozunguka macho au namna ya kutembea, na uamuzi huo humfikia upesi kuliko anavyoweza kuukagua.

Kuwapanga watu katika mafungu, kwa hakika, si dhambi wala si dalili ya akili mbovu, kwa kuwa akili isiyopanga ingelazimika kumsoma kila mtu upya kama kwamba ndiye wa kwanza kuonekana duniani. Tatizo huanza pale fungu linapobeba mzigo wa sifa zilizokwisha kuamuliwa. Mwaka 1922 mwandishi wa habari wa Marekani, Walter Lippmann, aliazima kwa ajili ya jambo hilo neno la wapiga chapa, lililotumika kwa bamba la metali lenye maandishi yaliyogandishwa, ambalo hutoa picha ileile kwa kila karatasi inayopita chini yake. Na ndiyo maana katika Kiswahili baadhi ya wataalamu huiita hali hiyo fikra mgando. Mtanzania hahitaji kufundishwa mifano yake, maana amekua akisikia habari za Mchaga na fedha na za Mhaya na majivuno, ingawa ni haki kuongeza kuwa kwa mapokeo ya utani maneno hayo mara nyingi husemwa ili yachekwe, na kinachochekwa na pande zote mbili hakina nguvu sawa na kinachoaminiwa kimyakimya.

Katika Hanang, fikra mgando iliyo nzito kuliko zote imefichwa ndani ya jina. Wadatoga wamejulikana nchini Tanzania kwa jina la Wamang'ati, na wengi wanaolitumia hawajui kuwa si jina lao, bali limetoka kwa Wamaasai, ambao kwa neno hilo walimaanisha adui. Wamaasai walipigana na Wadatoga kwa vizazi, wakawatambua kuwa wapinzani wa kweli, na ndani ya kinywa cha Mmaasai neno hilo lilikuwa na heshima ya aina yake. Lakini lilipohamia katika Kiswahili cha sokoni na cha ofisini, heshima ilibaki nyuma na uadui ukaendelea na safari. Hivyo Mbarabaig anayeingia katika mji asikojulikana hutanguliwa na hukumu ambayo wala aliyeitamka hakuikusudia. Wahadzabe nao waliitwa Watindiga na majirani, tena kwa muda mrefu hata maandishi ya wageni yakalichukua jina hilo, na inafaa kuangalia kuwa majina ya namna hiyo, yaliyochaguliwa na wengine, yamewaangukia hasa wale wenye nguvu ndogo mbele ya serikali na soko.

Jina peke yake lisingedumu kama lisingepata chakula, na chakula chake kilikuwa matukio ya kweli. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi miongoni mwa Wabarabaig na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, alieleza desturi iliyompa kijana zawadi za ng'ombe na sifa kwa kumwua aliyehesabiwa kuwa adui wa watu, awe simba, tembo au, katika baadhi ya nyakati, binadamu wa kabila jingine. Mauaji hayo yalitokea, yaliwatia hofu majirani, na hakuna sababu ya kuyapamba. Linaloihusu saikolojia ni hesabu: waliotenda walikuwa wachache mno wakilinganishwa na maelfu waliochunga, waliozaa na waliozeeka bila kumwaga damu, ilhali kilichokaa katika kumbukumbu ya jirani ni wale wachache.

Jinsi kumbukumbu inavyofanya hivyo ilionyeshwa na David Hamilton na Robert Gifford mwaka 1976 katika jaribio ambalo ubora wake umo katika wepesi wake. Waliwasomesha watu sentensi 39 kuhusu matendo ya wanachama wa makundi mawili yasiyo na majina. Kundi la kwanza lilikuwa na matendo mema 18 na mabaya 8, na la pili, lililokuwa dogo kwa nusu, lilikuwa na mema 9 na mabaya 4. Uwiano wa wema na ubaya ulikuwa sawa kabisa, lakini wasomaji walipoulizwa waliliona kundi dogo kuwa baya zaidi, wakakadiria kuwa limetenda maovu mengi kuliko yale waliyoyasoma. Sababu ni kwamba kitu adimu hushika jicho, na palipo na adimu mbili kwa pamoja, yaani watu wachache na kitendo kisicho cha kawaida, akili huzifunga fundo moja na kudhani zimezaliwa pamoja. Huu huitwa uhusiano wa kudhania. Kiswahili kina methali inayosema kuwa samaki mmoja akioza wote wameoza, nayo pengine ni kweli kwa tenga la samaki, lakini serikali ya kikoloni iliigeuza kuwa sheria, ikawatoza Wabarabaig adhabu za pamoja ambazo mwenye ng'ombe asiye na kosa alizilipa kwa ajili ya mtu ambaye huenda hakuwahi kumwona.

Ni rahisi baada ya hayo kudhani kwamba majirani wanaohukumiana hivyo lazima wanachukiana, na hapo ndipo Afrika Mashariki ilipotoa mchango ambao wanafunzi wengi wa saikolojia duniani huusoma bila kujua ulikotoka. Mwaka 1965 ulifanyika utafiti katika Kenya, Uganda na Tanzania ambapo watu 50 kutoka kila kabila kati ya makabila 30 waliulizwa wanavyoyaona makabila mengine, na matokeo yakachapishwa na Marilynn Brewer na Donald Campbell mwaka 1976. Kama ilivyotarajiwa, takriban kila kundi lilijiona kuwa linaaminika kuliko mengine. Ambalo halikutarajiwa ni kwamba ukubwa wa mapenzi ya mtu kwa watu wake haukutabiri kiasi cha chuki yake kwa wengine. Mtu aliweza kuwasifu wake kupita kiasi na bado akawa na maoni mazuri juu ya jirani, hasa jirani aliyekaa karibu na kufanana naye kwa lugha na desturi. Brewer aliendelea kwa miaka mingi kufafanua kuwa ubaguzi mwingi hautokani na kumtakia mgeni mabaya, bali hutokana na kuwawekea wenzako mema ambayo mgeni hapewi: nafasi ya kazi, mkopo, neno zuri kwa mtendaji wa kijiji.

Historia ya Mbulu inaliunga mkono jambo hilo kwa namna ya kushangaza. Wairaqw walipopanuka kutoka kitovu chao cha Irqwa Da'aw, katika milima iliyo kusini mashariki ya mji wa Mbulu, waliingia katika nchi iliyokuwa malisho ya Wadatoga, na mwendo huo uliozidi katika karne ya 20 uliacha manung'uniko yanayoendelea mpaka sasa. Hata hivyo koo nyingi za Wairaqw husimulia kuwa zilianza kwa babu Mdatoga, na wanaisimu wamekuta katika Kiiraqw maneno mengi yaliyoazimwa kutoka Kidatoga, jambo ambalo haliwezekani pasipo watu kuoana, kulea watoto pamoja na kusikilizana. Mwanamume anayemwita jirani yake Mang'ati anaweza kabisa kuwa mjukuu wa Mang'ati.

Wala si kila hukumu juu ya mgeni ni ya kumshusha. Mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wairaqw, alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1999 kwamba Wairaqw huwapa waganga wa makabila mengine uwezo mkubwa kuliko waganga wao, na kwamba kadiri mtu anavyokuwa mbali kwa lugha na desturi ndivyo nguvu zake zinavyoaminiwa zaidi. Kwa mvua, kwa mfano, watu wa kabila hili na wa makabila mengine ya jirani wamekuwa wakipeleka maombi yao kwa Wanyisanzu. Ugeni uleule unaozaa hofu huzaa pia heshima, na kwa hakika hofu na heshima hizo hukaa nyumba moja, kwa kuwa anayeaminiwa kuweza kuleta mvua huaminiwa pia kuweza kuizuia.

Rekdal huyohuyo alichunguza mwaka 1998 dhana nyingine inayopendwa sana, kwamba Wairaqw walitoka Iraq. Dhana hiyo ilianza kama kubahatisha kwa wageni kutokana na mfanano wa sauti za majina mawili, ikarudiwa vitabuni, ikafundishwa, na hatimaye ikasimuliwa na baadhi ya Wairaqw wenyewe kama urithi wa mababu. Wanasaikolojia huita jambo hili upendeleo wa kuthibitisha, yaani tabia ya kukusanya yale tu yanayokubaliana na wazo lililokwisha kushikwa: umbo la pua likaonekana kuwa ushahidi, na ukweli kwamba lugha yao ya Kikushi ina ndugu zake Ethiopia na Somalia ukapitwa bila kutazamwa. Sifa ya mbio nayo imepewa tafsiri za namna hiyo. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza mbio ndefu za Olimpiki za Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho na mguu umefungwa bandeji, na Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, alishinda mbio ndefu za Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978. Mara ikasemwa kuwa kukimbia kumo katika damu ya watu wa huko, kana kwamba mazoezi ya alfajiri katika baridi ya nyanda za juu ni kazi ya damu.

Neno hilo la damu linafikisha kwenye kiini cha mambo. Mtu anapoona tendo la mwingine hutafuta sababu yake, na sababu zinaweza kuwekwa katika mahali pawili: ndani ya mtendaji, yaani tabia yake, au nje yake, yaani hali iliyomzunguka. Fritz Heider aliifafanua tofauti hiyo mwaka 1958, kisha mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris wakawapa wanafunzi insha zilizomtetea au kumpinga Fidel Castro, na hata walipowaambia waziwazi kuwa mwandishi aliamriwa upande wa kuandika, wasomaji waliendelea kuamini kuwa aliyemtetea alimpenda kweli. Mwaka 1977 Lee Ross alilipa kosa hilo jina ambalo kwa Kiswahili linaweza kusemwa kuwa kosa la msingi la kutafuta sababu: mtazamaji hulitia uzito mkubwa mno suala la tabia, na hali huiona nyepesi. Kwa jirani wa kabila jingine kosa huongezeka, kwa sababu ubaya wake huwekwa katika asili yake na wema wake huitwa bahati.

Hakuna mahali ambapo kosa hilo limegharimu zaidi kuliko katika nyanda za Basotu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la kilimo na chakula, lililojulikana kama NAFCO, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika Hanang, ambayo baadaye yalifikia saba, yakiwemo Basotu, Setchet, Mulbadaw na Murjanda, na yakachukua takriban ekari 100,000 za nchi ya Wabarabaig. Aliyeutazama uwanda huo katika mwezi ambao mifugo haipo aliona ardhi isiyotumika na watu wanaotangatanga, akahitimisha kuwa kuhamahama ni tabia yao. Charles Lane, aliyechunguza ufugaji huo na kuandika kitabu juu ya upotevu wa malisho hayo, alionyesha kinyume: Wabarabaig walihama kwa ratiba, wakitofautisha aina za malisho kwa majina na kwa majira, na uwanda wa Muhajega ulioonekana mtupu ulikuwa umepumzishwa kwa makusudi ili utumike wakati wake. Matrekta yalipoingia yalilima hata makaburi ya heshima ya wazee, yale marundo ya udongo yanayoitwa bung'ed ambayo Wabarabaig hukusanyika kwa miezi kuyajenga. Wanakijiji wa Mulbadaw walifika mahakamani; Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo kwa hoja kwamba umiliki wao haukuwa umethibitishwa kisheria. Wafugaji walionyimwa malisho wakatawanyika kwenda mbali kusini na mashariki, na huko walikofika wakaitwa, kwa mara nyingine, watu wasiotulia.

Ukali wa mfano huo usifiche kuwa waliokosea hawakuwa watu wabaya. Walitafsiri walichokiona kwa njia ambayo binadamu karibu wote hutafsiri, isipokuwa kwamba jirani anayekosea humnyima mwenziwe salamu, na mpangaji anayekosea huchora ramani.

Ushahidi bora wa namna hali inavyoishinda tabia umetoka, kwa bahati, kwa wale ambao wamehukumiwa kuliko wote. Wahadzabe, ambao idadi yao ni kama watu elfu moja na kidogo, wameitwa watu wa porini na wasiopenda kazi. Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Yaeda Chini ili waishi kwa kilimo, na haukupita muda mrefu kabla wengi hawajarudi porini. Kati ya mwaka 2010 na 2016 Coren Apicella, Kristopher Smith na wenzao, akiwemo mwanaakiolojia Mtanzania Audax Mabulla, walizitembelea kambi 56 za Wahadzabe. Kila mtu mzima alipewa faraghani mirija minne ya asali, chakula wanachokipenda kuliko vyote, akaambiwa kuwa anaweza kuihifadhi yote au kutia sehemu katika sanduku la kambi, na kwamba kila atakachotia kitaongezwa mara tatu kisha kugawiwa kwa wote.

Kambi zilitofautiana: nyingine zilikuwa za watoaji, nyingine za wabanaji. Mtu angetegemea kuwa watoaji hutafutana wakaishi pamoja, na kwamba anayetoa leo atatoa mwaka ujao. Lakini Wahadzabe hubadilisha kambi mara kwa mara, na watafiti walipowakuta watu walewale miaka mingine katika kambi nyingine, utoaji wa zamani wa mtu haukutabiri utoaji wake mpya. Kilichotabiri ni kiasi walichotoa wale anaoishi nao sasa. Mtu yuleyule alikuwa mkarimu katika kambi moja na mbanaji katika nyingine, wala hakuna aliyekuwa akijifanya. Ukarimu, ambao lugha zote huuhesabu kuwa pambo la moyo wa mtu, ulikuwa ni mali ya kambi.

Smith na Apicella waliendelea kuwauliza Wahadzabe wenyewe wawapange wenzao wa kambini kwa wema wa tabia, na pia kwa umahiri wa kuwinda na kutafuta chakula. Katika uwindaji walikubaliana vizuri. Katika nani ni mkarimu na nani ni mkweli, watu waliolala moto mmoja na kula nyama moja walikubaliana kidogo sana. Jambo hili linapaswa kumpa mashaka yeyote anayejua tabia ya kabila zima asilowahi kulala nalo usiku mmoja. Linaeleza pia kwa nini wema ni kitu kigumu kukisoma: mshale uliolenga huonekana na wote, ilhali mkono uliofungwa huonekana na yule tu aliyenyimwa.

Ikiwa hukumu hutegemea hali, basi hali ikibadilishwa hukumu nazo zinaweza kubadilika, na hilo ndilo wazo ambalo Gordon Allport aliliweka katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu asili ya chuki bila sababu. Hakusema kuwa kukutana kunatosha. Alisema kukutana hupunguza chuki pale pande mbili zinapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana na kuungwa mkono na wenye mamlaka. Thomas Pettigrew na Linda Tropp walipokusanya tafiti 515 mwaka 2006 waliona kuwa kukutana husaidia hata masharti yasipotimia yote, ila husaidia zaidi yanapotimia. Mnada ni mahali pazuri kwa kipimo hicho, kwa kuwa mwenye fahali na mwenye mahindi wanahitajiana kwa kiasi kinacholingana. Wodi ya Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 katika mpaka wa makabila haya yote, ni pazuri pia, maana homa haiulizi ukoo. Mpaka wa shamba na malisho wakati wa kiangazi haufai, kwa sababu watu hukutana hapo wakiwa wanagombania kitu kimoja kisichotosha.

Bonde la Yaeda lilikuwa mpaka wa namna hiyo kwa muda mrefu: Wahadzabe walitegemea mizizi, asali na wanyama, Wadatoga walileta ng'ombe kwenye maji, wakulima walipanda kutoka pembeni, na katika mikutano Mhadzabe alikuwa mtu asiye na dai linalotambulika, kwa kuwa asiyelima wala kufuga huonekana hakai popote. Mwezi Oktoba 2011 jamii ya Wahadzabe, ikisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, ilipata hatimiliki ya kimila ya pamoja juu ya zaidi ya hekta 20,000, ya kwanza ya aina yake kutolewa kwa kundi la namna hiyo nchini Tanzania. Karatasi hiyo haikumfundisha mtu yeyote kumpenda jirani yake. Iliweka mezani kitu ambacho masharti ya Allport yanakitaja kwanza na ambacho bonde hilo halikuwa nacho: mfugaji anayetaka kuingiza mifugo humkuta sasa Mhadzabe akiwa mwenye nyumba, na majadiliano huanzia hapo.